Doa jeusi kwenye kaakaa: kila doa la mdomoni lazima lijulikane mwenyewe (uzi mrefu)

#1 Tabibu_Kinywa_PBA

Assalaam alaykum wanajamvi. Mie ni tabibu wa meno, niko Pemba, kazi hii nnaifanya mwaka wa 14 sasa, na uzi huu nimekuwa nikiuandika nikiufuta. Nimeomba rukhsa kwa watoto wa marehemu ndo nikaamua niuweke. Jina sitaji wala kijiji sitaji, wao wenyewe wamesema andika, huenda akatokea mtu akamwambia mamake hebu fungua mdomo nitazame.

Bi mkubwa alikuja kwangu msimu wa karafuu, mikono bado inanukia, alikuwa katoka kuchambua. Ana miaka 61, meno ya juu ya bandia. Shida yake ilikuwa moja tu, pleti haikai, akitafuna inacheza. Akanambia "nipunguzie kidogo mwanangu, naona imekuwa kubwa." Pleti haikui jamani. Kinachokua ni kilichokuwepo chini yake.

Nikaitoa, nikaisuuza, nikawasha taa nikamwambia aegemeze kichwa nyuma. Kwenye kaakaa upande wa kulia pana doa upana wake kama sarafu ya shilingi hamsini. Katikati jeusi kama karafuu ilokauka vizuri, pembeni linakwenda hudhurungi, kwa nyuma bluu ya kijivu, na ukingo mmoja umevimba, nikaugusa na gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, ukatoa damu. Wala halikuwa duara, pembe zake zimeingia na kutoka kama ramani ya kisiwa chetu hiki, ghuba huku rasi kule. Nikapapasa chini ya taya nikakuta tezi moja ngumu, haiumi, haisogei.

Nikamuuliza hili lina muda gani? Akasema lina muda, zaidi ya mwaka, na haliumi hata kidogo, na pahala pawili alopita kabla yangu kaambiwa ni rangi tu, sie watu weusi fizi zetu ndo zilivyo, akapewa maji ya kusukutua akarudi kwake.

Kinyama kikakatwa, kikapelekwa, jibu likarudi melanoma. Kansa ya seli zinazotengeneza rangi. Akavushwa Unguja, akavushwa Dar, watu walijitahidi kweli, lakini ilishafika shingoni na baadae mapafuni. Kafariki mwezi wa Shaaban. Mungu amrehemu.

Sasa nnachotaka kusema hapa. Lile neno "sie watu weusi fizi zetu ndo zilivyo" ni kweli, na ukweli wake ndo uliomponza. Maana kwetu weusi mdomoni tumeuzoea, tukiuona hatuangalii tena. Mtu wa Ulaya akiona doa jeusi kwenye ufizi anashtuka siku hiyohiyo, sie tunapiga mswaki tunakwenda kazini. Kwa hiyo mie nimejiwekea kanuni yangu, kila doa la mdomoni lazima lijulikane mwenyewe. Aidha ni la asili, aidha ni la dawa alokunywa mtu, aidha la sigara, aidha la jino lilozibwa. Ukimtafuta mwenyewe ukamkosa, hilo doa linakatwa kinyama linapimwa, halisubiriwi.

Weusi wa asili unautambua hivi. Umekuwepo tangu utotoni, uko pande zote mbili karibu sawa, khasa kwenye ufizi ulioshikana na meno, unakwenda kama utepe, haujavimba, haujabadilika miaka na miaka. Mara nyingi mama anao, kaka anao. Unaweza kuwepo pia kwenye mashavu kwa ndani na kwenye ulimi, vidoa vidogo vidogo pande zote. Huu hauna neno kabisa, msiusumbue, na wale wanaoweka mandimu na mkaa ili fizi ziwe nyekundu nawaomba waache, wanajichuna ngozi ya bure.

Melanoma yenyewe ina pahala inapopenda. Wengi wao inawatoka taya la juu, kwenye kaakaa gumu na ufizi wa juu. Ni kansa adimu, tuseme kweli, katika melanoma zote za mwili hizi za mdomoni hazifiki hata moja katika mia kwenye takwimu nyingi za nchi za magharibi, mie mwenyewe kwa macho yangu nimeziona mbili katika miaka yote hii. Wengi wanakuwa wameshavuka miaka 50 lakini kijana hajasalimika. Na haihusiani na jua. Jua halifiki kwenye kaakaa. Watu wanadhani melanoma ni maradhi ya wazungu wanaokuja kuanika miili Nungwi, hapana, ile ya ngozi inayotokana na jua ndo yao zaidi, lakini ya mdomoni, ya nyayo na ya chini ya ukucha inatupata na sie. Bob Marley alikuwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu, iligunduliwa 1977 na watu wakidhani ni jeraha la mpira, akafa 1981 na miaka 36.

Kinachotisha ni kwamba haiumi. Baadhi ya wagonjwa wanakaa na doa bapa miezi, wengine miaka, halafu ndo linaanza kuvimba, kutoa damu, meno ya karibu yanalegea, pleti inacheza. Yule anaekuja na jino linalotingishika anataka ling'olewe tu, basi mtabibu mwenzangu unaesoma hapa, kabla hujashika koleo tazama rangi ya ufizi wake.

Maswali wekeni, ntajibu nikitoka zamu.

#2 mchambuzi_wa_karafuu

Waalaykum salaam dokta. Pole na Mungu amrehemu bibi yetu. Mie nimesoma nikaenda kwenye kioo palepale 😟 fizi zangu nyeusi tii juu na chini tangu nipo skuli, wenzangu walikuwa wakinambia nimelamba wino. Sasa ntajuaje kama halijaongezeka maana mie siku zote sijawahi kujitazama

#3 Tabibu_Kinywa_PBA

Juu na chini, pande zote, tangu skuli, hilo mwenyewe kashajulikana. Kulala lala usingizi wako.

Ila swali lako la "ntajuaje halijaongezeka" ni zuri sana kwa sababu ndo panapokwama watu wengi, hata sie huku ndani. Mgonjwa ukimuuliza lini limeanza anakwambia zamani. Mie nnachofanya namwambia aniletee picha ya zamani alocheka. Picha ya harusi, ya Idd, ya kumaliza chuo. Niliwahi kuletewa picha ya harusi ya mwaka 1998, bwana harusi kacheka meno yote nje, ukaonekana utepe mweusi kwenye ufizi wa juu uleule alokuja nao kwangu, kushoto na kulia, nikamwambia rudi nyumbani ami yangu, hili ulioa nalo. Kwa kaakaa picha ya harusi haisaidii, huko lazima tochi.

Na kuanzia leo jipigeni picha wenyewe. Tochi ya simu, mtu akushikie, uweke rula ndogo au hata njiti ya kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane, uandike tarehe. Hiyo ni kwa yale yenye mwenyewe, ya kuyafuatilia. Lile lisilo na mwenyewe halingojei picha ya pili.

#4 nesi_wa_mji_mkongwe

Niongezee dokta kwa ruhusa yako. Niko Unguja, wodi nilizopita nimeona madoa ya kaakaa ya rangi ya zambarau, wengi wao ilikuwa Kaposi, wagonjwa wa VVU ambao hawajaanza dawa au waliacha. Ile nayo inapenda kaakaa na ufizi, inaanza bapa halafu inanyanyuka, na watu wanaichanganya na hii. Kwa hiyo mtu akija na doa la zambarau au jeusi kaakaani apimwe na VVU pia, siyo kumdhalilisha, ni matibabu yanabadilika kabisa, wengi wakianza ARV vizuri linapungua.

Halafu kuna vile vivimbe vya mishipa ya damu, bluu, kwenye mdomo wa chini na chini ya ulimi kwa wazee. Hivyo tulifundishwa kuchukua kile kioo cha darubini unakibonyeza juu yake, damu ikikimbia pakawa peupe basi ni mshipa. Rangi ya melanini haikimbii hata ubonyeze mpaka kesho.

#5 Tabibu_Kinywa_PBA

Ahsante sana dada yangu, hilo la kioo lina faida ya pili, linakuzuia usikate mshipa. Ukibonyeza pakawa peupe, au ukisikia panadunda chini ya kidole, weka kisu chini. Damu ya kaakaa si ya mchezo kwenye kituo ambacho hakina damu ya akiba.

Nimalizie hawa wenyewe wengine maana jana nilikatishwa.

Amalgamu. Wale waliozibwa meno kwa ile dawa ya rangi ya risasi, chembe zake zinaweza kuingia ndani ya ufizi wakati wa kuziba au kung'oa, zikabaki humo maisha yote. Inatokea doa la kijivu au bluu nyeusi, dogo, bapa, karibu na jino lilozibwa au pahala ambapo jino lilozibwa liling'olewa. Piga eksirei, ukiona vichembe vyeupe kama mchanga, mwenyewe huyo. Lakini angalieni, chembe zikiwa ndogo sana eksirei haizioni. Basi hapo unatazama je, doa liko karibu na jino lilozibwa? Kama mtu hajawahi kuzibwa jino hata moja katika maisha yake huwezi kumwandikia amalgamu, na mie nimeshaona cheti kimeandikwa hivyo kwa mtu ambae meno yake yote mazima.

Sigara. Weusi wa mvutaji unakaa ufizi wa mbele, khasa wa chini, na akiacha unafifia polepole, inaweza kuchukua hata miaka. Kwa wanaovuta kiko unakuwa zaidi mashavuni kwa ndani.

Dawa. Watu wanaokunywa haidroksiklorokwini au klorokwini kila siku kwa maradhi ya viungo na lupasi, kaakaa lao linaweza kugeuka bluu ya kijivu, limetandaa pande zote mbili na linakatika palepale kaakaa laini linapoanza kama mtu kapiga mstari. Sizungumzii ile klorokwini ya homa ya siku tatu ya zamani, nazungumzia miezi na miaka. Zidovudini, dawa ya VVU, nayo inaleta weusi mdomoni na kwenye kucha. Minosiklini ya chunusi pia. Kwa hiyo mgonjwa ukija kwetu njoo na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, usiniambie "ile nyeupe ya mviringo".

Na kuna mmoja nnaemuogopa akipitwa. Mtu anaanza kuwa mweusi mdomoni mote, na viganja kwenye mikunjo, na magoti na makovu, huku anakonda, amechoka, akisimama kizunguzungu, anatamani chumvi. Huyo usimkate kinyama. Huyo tezi zake za juu ya figo huenda zimekufa, na kwetu TB ni moja ya sababu. Apelekwe kwa daktari wa maradhi ya ndani leo, siyo wiki ijayo.

#6 Mtumbatu_halisi

Dokta mie sikubaliani na wewe pamoja na heshima yote. Kansa haiguswi na kisu. Mjomba wangu alikuwa na uvimbe hapa kwenye shavu, alikaa nao mwaka mzima anakula anatembea, wakamkata "kipimo", haikufika miezi 3 tumezika. Na si yeye peke yake, kila mtu hapa anamjua wa kwao. Nyie mnakata kata halafu inasambaa

#7 Tabibu_Kinywa_PBA

Pole sana yakhe kwa mjomba wako, na sikulaumu, ningekuwa nimeona hivyo kwa macho yangu na mie ningesema hivyohivyo.

Hebu tuhesabu pamoja. Alikaa nao mwaka mzima. Katika huo mwaka ule uvimbe ulikuwa haukulala, ulikuwa unakwenda ndani, na siku alokubali kwenda ndo siku ulomshinda. Kisu kilimkuta mwisho wa safari. Sie huku watu wanakuja hospitali siku ya mwisho, halafu kile kilichofanywa siku ya mwisho ndo kinabeba lawama ya mwaka mzima. Hili la kukata kinyama limefuatiliwa sana kwenye melanoma ya ngozi, kulinganisha waliokatwa kipande kwanza na waliotolewa lote kwa pamoja, na haikuonekana kwamba kipande kinafupisha maisha. Na bila kile kipande hakuna daktari wa mionzi wala wa upasuaji atakaemgusa, hajui anatibu nini. Doa likiwa dogo tunalitoa lote na ukingo wake, likiwa kubwa ndo tunachukua kipande, palipo peusi zaidi au palipovimba.

Na nikueleze kinavyofanywa maana watu wanadhani ni oparesheni. Unakaa kwenye kiti, unapigwa sindano ya ganzi, ya kaakaa inauma kidogo sitakudanganya, sekunde kadhaa tu. Kipande chenyewe kama punje ya choroko. Uzi mmoja au miwili, unang'ata gozi, unakwenda zako, siku hiyo usile vya moto. Basi.

Sehemu ngumu inakuja baada ya hapo, na hapa nna deni langu. Mwaka wangu wa pili kazini nilikata kinyama kwa mzee mmoja, kituo nilichokuwepo fomalini, yale maji ya kuhifadhia kinyama kisioze, ilikuwa imekwisha, nikakitia kwenye maji ya chumvi ya dripu nikidhani kitafika kesho yake. Bahari ikachafuka, boti hazikuondoka, kikafika siku ya nne kimeoza. Jibu likaja "hakisomeki". Nikamfuata yule mzee kwake kumwomba akubali kukatwa tena na akanitazama tu kwa muda mrefu, halafu akakubali. La kwake lilikuwa doa la kawaida alhamdulillahi, lakini yale macho sijayasahau mpaka leo. Tangu siku hiyo sianzi kukata kabla sijaiona fomalini ya asilimia 10 mezani, chupa ya mdomo mpana, maji yake mara kumi ya kipande, jina la mgonjwa kwenye chupa na siyo kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Na kwenye fomu naandika yote, doa lina ukubwa gani, liko wapi, rangi ngapi, muda gani, anakunywa dawa gani. Yule anaesoma kwenye darubini kule hamuoni mgonjwa, anakuona wewe kwenye karatasi.

#8 Mtumbatu_halisi

Nimekuelewa dokta. Kwa kweli alichelewa mjomba, tulikuwa tunampaka dawa za kuchemsha. Ahsante kwa kujibu kwa ustaarabu

#9 binti_wa_Kojani

Samahani naomba msaada. Mama yangu mdogo ana miaka 36, ametokwa na doa jeusi kwa ndani ya shavu, mwanzo wa mwezi lilikuwa kama punje ya mtama sasa ni kama kunde tena kubwa, wiki tatu tu hizo. Haliumi ila anahisi kama pamekwaruza. Havuti, hajazibwa jino, dawa hanywi. Tangu asome uzi huu halali. Mie nalia huku yeye analia kule

#10 Tabibu_Kinywa_PBA

Punguzeni kulia kwanza mwanangu, na msinielewe vibaya, sikuambii halina neno. Doa lisilo na mwenyewe na linakua, hilo linapimwa wiki hii.

Lakini nikupe na upande wa pili. Kuna doa moja linaitwa melanoakanthoma, linapenda wanawake weusi wa umri wa mama yako mdogo khasa, linapenda ndani ya shavu, na linakua haraka mpaka linatisha, wiki chache tu limeshatandaa. Mara nyingi linatokana na kujing'ata shavu au jino lenye ncha. Na si kansa. Wengine wakishakatwa kipande linafifia lenyewe. Shida ni kwamba kwa jicho huwezi kulitofautisha na melanoma, mie siwezi na bingwa hawezi, darubini ndo inaweza. Muulize kama ana jino lilovunjika upande huo.

#11 binti_wa_Kojani

Analo 😳 la nyuma chini, lilivunjika mwaka jana anasema linamkata akila

#12 Tabibu_Kinywa_PBA

Basi mpeleke, jino lilainishwe na kinyama kikatwe siku moja. Vyote viwili. Wasikwambie tulainishe jino tusubiri, kwa ukuaji huo wa wiki tatu mie nisingesubiri.

#13 bibi_tambuu_wa_Wete

Mie nimeandikiwa na mjukuu. Nimetafuna tambuu tangu nimeolewa, mdomo wangu wote una rangi, sasa mnanitia hofu. Hiyo nayo ni hiyo melanoma?

#14 Tabibu_Kinywa_PBA

Shikamoo bibi. Hapana, tambuu haijulikani kuleta melanoma. Ile rangi yako ya wekundu wa kahawia iko juu juu, kwenye meno na ulimi, mjukuu achukue kitambaa safi akiloweshe akusugue taratibu, kinachotoka na kitambaa ni rangi ya tambuu. Kisichotoka ndo tunataka kukiona.

Ila bibi yangu siwezi kukuacha hapo. Popoo na tumbaku vinaleta kansa nyengine ya mdomo, hiyo inakuja na baka jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona wiki mbili, au mdomo unaanza kukaza ukawa hufungui vizuri. Na hiyo kwetu ni nyingi kuliko hii tunayoizungumza kwa mbali sana. Vidole vitatu vikisimama vinapita kati ya meno yako ya juu na ya chini? Kama havipiti njoo. Na hata vikipita njoo tutazame, nauli ya mjukuu ntajua mie.

#15 kijana_wa_Chake

Dokta na kama jibu likija ndiyo melanoma, matibabu yapo au ndo basi? Tuambie ukweli

#16 Tabibu_Kinywa_PBA

Yapo, na ukweli ni mgumu. Msingi ni upasuaji, kutoa lote na ukingo mpana wa nyama safi, kwa kaakaa maana yake ni kutoa kipande cha taya la juu. Upasuaji wa aina hiyo ni wa Muhimbili. Lile tundu linabaki, linazibwa kwa pleti maalumu ili mtu aweze kula bila chakula kutokea puani, na aweze kusema. Wengi wanaongezewa mionzi, kwetu ni Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar. Kuna dawa za kizazi kipya za kuamsha kinga ya mwili, ya mwanzo wao kwa melanoma ilipitishwa Marekani mwaka 2011 na zimebadilisha mambo kwa ile ya ngozi, hii ya mdomoni inazisikia kidogo zaidi, na bei zake mtu wa kawaida hazigusi.

Wanaofika miaka 5 baada ya kuambiwa ni wachache, katika ripoti nyingi hawafiki theluthi. Lakini walio hai ni wale wa doa dogo, bapa, lililoonekana kabla ya tezi za shingo. Bi mkubwa wangu angeletwa mwaka mmoja kabla, pale alipoambiwa ni rangi tu, ingekuwa hesabu nyengine. Nnaisema hii bila kumtaja alomwambia hivyo, maana hata mie nina wangapi niliowapitia harakaharaka kwenye foleni ya watu arubaini.

Na msikariri rangi nyeusi peke yake. Baadhi ya melanoma za mdomoni hazina rangi kabisa, zinakuja nyekundu au za waridi kama uvimbe wa ufizi wa kawaida. Uvimbe wa ufizi ukikatwa, hata ule unaouona ni wa mjamzito au wa uchafu wa meno, tia kwenye fomalini upeleke. Usiutupe kwenye ndoo.

#17 nesi_wa_mji_mkongwe

Hili la ndoo naomba lisomwe mara mbili na wote mlioko vituoni. Mie nimeona ndoo.

#18 binti_wa_Kojani

Assalaam alaykum. Samahani nilipotea, simu ilikuwa mbovu. Jibu limetoka jana baada ya wiki tano, wiki tano jamani, mama mdogo kapungua kilo sijui ngapi. Limeandikwa melanoakanthoma, hakuna kansa. Dokta alotukata kule kasema doa lilobaki limeanza kuwa jepesi na kweli nikimulika naona pembeni limekuwa hudhurungi. Jino limelainishwa. Mama mdogo anakusalimu sana, kasema akupelekee pweza mkavu, uko wapi akuletee

#19 Tabibu_Kinywa_PBA

Alhamdulillahi rabbil aalamin. Nimesoma nikiwa zamu nikatoka nje kidogo.

Pweza ale yeye arudishe zile kilo. Mwambie baada ya miezi mitatu amulikwe tena, na ile karatasi ya jibu aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, siku akienda kwa daktari mwengine akaonekana ana doa asikatwe mara ya pili bure.

#20 msafiri_wa_Mkoani

Dokta samahani nimeingia uzi huu leo. Mzee wangu ana miaka 67, ana pleti ya juu, wiki mbili hizi analalamika imekuwa kubwa haikai. Nimemwomba aitoe nimulike, hajawahi kukubali kuitoa mbele yetu miaka yote hii, leo kakubali. Kuna weusi upande wa kushoto nyuma, siyo mkubwa, kama ukucha wa kidole kidogo. Nimepiga picha na njiti ya kiberiti kama ulivyosema. Shingoni sijahisi kitu

#21 Tabibu_Kinywa_PBA

Mpe pole na mwambie ahsante kwa kuitoa. Nimekutumia namba kwenye ujumbe wa ndani. Kesho niko kazini tangu saa moja na nusu asubuhi, njooni bila kupanga foleni, mje na pleti yenyewe, na dawa zake zote za presha na nyenginezo kwenye mfuko. Ale kabla hajatoka nyumbani. Fomalini ninayo.